Kakari Hesabu za Biashara, kapata C, bado GPA inasoma 2.9 na kozi ya muhula wa 4 imegoma. Tatizo ni mfumo au kanuni?

#1 Mwana Ngamiani
Wakuu, heshima kwenu. Niko Tanga mjini, swali si langu, ni la kijana wa Utawala wa Biashara mwaka wa pili aliyefungua akaunti yake ya chuo hapa steshenari akabaki anakodoa macho.

Mwaka wa kwanza alikuwa na kozi 12, zote krediti 10. Gredi zake: A 1, B+ 3, B 4, C 3, na D moja, yaani kafeli, ya Hesabu za Biashara. Akapiga sapu (mtihani wa marudio), ikarudi D. Akakari, yaani kaisoma kozi tena muhula wa 3 pamoja na mwaka wa kwanza, kapata C. Sasa ukurasa wa mwaka wa kwanza unaonyesha GPA (wastani wa pointi za gredi) 2.9, na akitaka kusajili kozi ya Mbinu za Kiidadi muhula huu wa 4, inayodai ufaulu Hesabu za Biashara kwanza, mfumo unamwambia sharti halijatimizwa. Dirisha la kusajili linafungwa wiki ijayo. Kosa liko wapi?

#2 Debe la Makorora
Tanga waja leo, waondoka leo. Hesabu za Biashara waja mwaka wa kwanza, waondoka Mungu akipenda.

#3 Bi Kikokotoo
Tuanze na hesabu ndipo tulaumu mfumo. A ni pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1. Kwa kuwa kozi zote zina krediti sawa, tunaweza kugawanya kwa idadi ya kozi.

Kabla ya kukari: 5 + 12 + 12 + 6 + 1 = 36. Gawa kwa 12 unapata 3.0 kamili.
Baada ya kukari, D ikiondoka na C ikakaa mahali pake: 37 gawa kwa 12 = 3.083. Vyuo vingi havikadirii, vinakata desimali, kwa hiyo inasomeka 3.0 ile ile.

Maana yake hata mambo yakienda sawa kabisa, C moja haionekani kwa macho. Ila 2.9 haitoki kwa njia hii. Mimi naona mfumo umehesabu D na C zote mbili: 36 + 2 = 38, gawa kwa 13, ni 2.923. Hiyo hapo 2.9 yako.

#4 Mlinzi wa Kanuni
Bi Kikokotoo, umeenda haraka. D kuwa na pointi 1 ni jedwali, mfumo kuitumia ni jambo jingine. Ipo mifumo ambayo kozi isiyofauliwa inaingizwa kama sifuri hadi ifauliwe. Hapo kabla ya kukari ni 35 gawa kwa 12 = 2.916, nayo ukikata ni 2.9. Yaani anachokiona kijana ni GPA ya zamani, C haijaingia popote. Hakuna kozi iliyohesabiwa mara mbili.

Na hili linaelezea pia kwa nini Mbinu za Kiidadi imegoma. Kwa mfumo huo, Hesabu bado ni D.

#5 Bi Kikokotoo
Sawa, lakini basi tuambiwe kabla ya muhula wa 3 ilikuwa inasoma ngapi. Ikiwa ilikuwa 3.0, maelezo yako yanaanguka. Ikiwa 2.9, yangu yanaanguka.

#6 Mwana Ngamiani
Hakuweka kumbukumbu. Ana printi moja tu, ya juzi.

#7 Debe la Makorora
Mtu anasoma biashara halafu haweki kumbukumbu za hesabu zake. Mwalimu wa Hesabu alikuwa na haki yake 😂

#8 Karani Mstaafu
Tuliokaa meza ya mitihani tunajua matokeo yana ngazi. Mwalimu anapakia alama. Idara inapitia. Bodi ya mitihani ya skuli au kitivo inapitia. Mwisho Seneti ya chuo inaidhinisha. Mwanafunzi anaweza kuoneshwa gredi mapema, lakini karibu nayo kuna neno dogo linalosema ni ya muda. Mara nyingi gredi ya muda haifungui sharti la kozi inayofuata, wala haigusi GPA. Mwana Ngamiani, mwambie kijana aangalie pembeni ya ile C kama kuna neno lolote. Wengi hawalioni kwa sababu limeandikwa kwa herufi ndogo za kijivu.

#9 Shombo la Deep Sea
Mbona mnazunguka? Ufaulu wa kozi ni 45. Huyo C yake inawezekana ni 42, ndiyo maana sharti limekataa.

#10 Mlinzi wa Kanuni
Shekhe, 45 ni ya stashahada. Kwenye ngazi ya 6 ya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), C inaanzia 45. Kwa shahada C ni 40 hadi 49, B 50 hadi 59, B+ 60 hadi 69, A 70 kwenda juu, D ni 35 hadi 39. Usichanganye jedwali la diploma na la digrii, watu wanakata tamaa bure.

#11 Shombo la Deep Sea
Nimekupata mkuu. Nafuta kauli.

#12 Fundi Mitaala
Kuna jambo hamjaligusa: namba ya kozi. Mtaala ukihuishwa kati ya mwaka aliofeli na mwaka aliorudia, kozi inaweza kubaki na jina lile lile lakini namba ikabadilika. Kijana anakaa darasani na mwaka wa kwanza wapya, anafanya mtihani wao, anapata C kwa namba mpya. Mfumo hauoni amerudia chochote, unaona kasoma kozi nyingine. D ya namba ya zamani inabaki ilipo, C ya namba mpya inakaa peke yake. Hapo unapata 38 kwa 13 ya Bi Kikokotoo, na sharti linagoma kwa sababu Mbinu za Kiidadi inatafuta namba ya zamani.

Dawa yake si kulipa tena wala kusajili upya. Ni barua ya ulinganifu wa kozi. Anaandika kwa mkuu wa idara, anaambatisha printi ya matokeo yenye namba zote mbili, idara inathibitisha kwamba ya sasa inachukua nafasi ya zamani, ofisi ya mitihani inaziunganisha kwa mkono. Barua iende mapema, maana anayeziunganisha mara nyingi ni mtu mmoja kwa chuo kizima.

#13 Karani Mstaafu
Fundi kagusa penyewe. Ila ingekuwa namba mpya, kwenye muhula wa 3 asingeweza kuisajili kama marudio, angeisajili kama kozi ya kawaida. Aliibonyeza wapi?

#14 Mwana Ngamiani
Anasema alisajiliwa na jamaa wa steshenari nyingine, kwa simu, yeye akiwa Pongwe. Hajui kilibonyezwa wapi.

#15 Bi Kikokotoo
Hapo ndipo mnapoponza vijana. Kusajili kozi si kujaza fomu ya kitambulisho. Utaratibu, kwa vyuo vingi vya umma:

Kwanza aingie mwenyewe kwa nywila yake. Atengeneze kontroli namba ya malipo ya muhula. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Akiwa na kari, malipo ya kari huwa na kontroli namba ya peke yake, usiyachanganye na ada. Alipe, asubiri mfumo usome malipo. Benki au simu ikisema imefanikiwa bado haitoshi, hadi salio kwenye akaunti ya chuo libadilike. Ndipo achague kozi: za lazima za muhula mara nyingi zimeshapangwa, za kuchagua anazitia alama, za kari anazitafuta kwenye sehemu ya marudio. Kisha abonyeze kuwasilisha. Wengi wanatia alama, wanafunga simu, wanaondoka. Kozi isiyowasilishwa ni kama haikuchaguliwa, na kwenye UE (mtihani wa mwisho wa muhula) jina halimo kwenye orodha ya chumba. Mwisho achapishe fomu ya usajili yenye tarehe. Hiyo karatasi moja ndiyo inayomaliza ubishi wote wa uzi huu, na ndiyo ambayo hayupo hata mmoja anayeitunza.

#16 Debe la Makorora
Dada umefoka mpaka kahawa yangu imepoa.

#17 Usagara Juu
Naomba niulize pembeni kidogo. Sapu na kari, kosiwaki (alama za majaribio na kazi za darasani) inabaki au inafutwa? Nasikia kila mtu na lake.

#18 Mlinzi wa Kanuni
Kila mtu na lake kwa sababu kila chuo na lake.

Kari: unasoma upya, unafanya majaribio na kazi za darasani upya, kosiwaki ya zamani haina kazi. Hilo karibu kila mahali ni hivyo.

Sapu ndiyo yenye mitindo miwili. Mtindo wa kwanza, mtihani wa sapu unasahihishwa peke yake na unasimama kwa asilimia 100. Wa pili, kosiwaki ya 40 inabaki na sapu inachukua nafasi ya UE ya 60. Kwa mitindo yote miwili, vyuo vingi gredi ya juu kabisa ya sapu ni C, hata ukipata 90.

Sasa angalia tofauti. Mwenye kosiwaki 14 kwa 40: kwenye mtindo wa pili anahitaji 26 kwa 60 ili afike 40. Kwenye mtindo wa kwanza anahitaji asilimia 40 tu, sawa na 24 kwa 60. Mwenye kosiwaki 28 mambo yanageuka: mtindo wa pili unamdai 12 tu kwa 60, wa kwanza unamdai 24 zile zile. Mpaka wao ni 16 kwa 40. Chini ya hapo omba kosiwaki ifutwe, juu ya hapo omba ibaki. Lakini huombi wewe, kanuni ndiyo inayoamua, kwa hiyo soma kabla hujaanza kukesha.

#19 Usagara Juu
Shukrani. Na aliyeumwa siku ya UE, naye ni sapu?

#20 Karani Mstaafu
Hapana. Akiwa na ruhusa, hiyo ni mtihani maalumu. Unahesabiwa kama mara ya kwanza, kosiwaki inabaki, na gredi haina kizuizi cha C. Anaweza kupata A. Ila karatasi ya hospitali ifike chuoni kabla ya mtihani au ndani ya siku zilizotajwa kwenye kanuni. Anayekuja na cheti cha Bombo matokeo yakishabandikwa anaonekana kama aliyefeli kwanza akaugua baadaye. Asiye na ruhusa kabisa anaweza kuambulia sifuri, au kudisko (kuondolewa chuoni), kutegemea chuo.

#21 Mama wa Chumbageni
Jamani, Bodi ya Mikopo inalipia kari? Maana hapa nyumbani ndiyo vita.

#22 Fundi Mitaala
Kwa kawaida malipo ya kozi ya kari yanatoka mfukoni. Mkopo wa ada unapangwa kwa ada ya mwaka wa masomo, si kwa kozi moja ya ziada. Kubwa zaidi mama yangu ni kuendelea kwa mkopo. Chuo kinapeleka Bodi matokeo ya wanaoendelea, na aliye na kari ya kozi moja huku akiruhusiwa kusonga mwaka unaofuata hayuko sawa na anayerudia mwaka mzima. Huyo wa pili aende kwa afisa mikopo wa chuo mapema, asisubiri siku ya kusaini bumu (fedha ya kujikimu). Na usajili wa muhula usipokamilika, jina halitokei kwenye kusaini. Vijana wengi wanadhani bumu limechelewa, kumbe wao ndio hawajabonyeza kuwasilisha.

#23 Mama wa Chumbageni
Ahsante mwanangu.

#24 Baharia wa Raskazone
Kwa nini mnapigania pointi moja ya desimali? 2.9 au 3.0, daraja ni lile lile. Pili ya chini ni 2.7 hadi 3.4. Kijana asajili, asonge mbele.

#25 Bi Kikokotoo
Baharia, angalia mbali kidogo. Tuseme anataka pili ya juu, ambayo inaanzia 3.5. Shahada ya miaka 3 ni krediti 360 kwa mwongozo wa TCU (tume ya vyuo vikuu), yaani kwa krediti 10 kila moja ni kozi 36. Anahitaji jumla ya pointi 126. D ikifutwa anazo 37, amebakiza 89 kwenye kozi 24. Hiyo ni B+ 17 na B 7, bila C hata moja.

D ikibaki pamoja na C, kozi zinakuwa 37 na jumla inayotakiwa 129.5. Anazo 38, amebakiza 91.5, kwa hiyo lazima afikishe 92: B+ 20 na B 4. Tofauti ni kozi 3 za kupandisha kutoka B kwenda B+, na hizo 3 zinaangukia kwenye Kodi, Ukaguzi na Fedha za Makampuni. Sasa niambie ni desimali tu.

#26 Baharia wa Raskazone
Nimenyamaza.

#27 Nyuki wa Duga
Mimi naona wote mnaruka jambo la kawaida kabisa. GPA ya mwaka wa kwanza ni ya mwaka wa kwanza. Mwaka ukifungwa umefungwa. Kozi ya kari inahesabiwa kwenye muhula iliyofanyiwa, yaani muhula wa 3, na ndipo C yake ilipo. Mkifungua ukurasa wa mwaka wa pili mtaikuta. GPA ya jumla ya shahada ndiyo inayofuta D, mwishoni. Kwa hiyo 2.9 hiyo wala si kosa.

#28 Mlinzi wa Kanuni
Nyuki, hilo linaelezea 2.9 ikiwa tu D ilihesabiwa sifuri, kama nilivyosema #4. Kama D ni 1, mwaka uliofungwa ungesoma 3.0.

#29 Nyuki wa Duga
Basi tumekubaliana nusu.

#30 Fundi Mitaala
Hata mimi niongeze nusu yangu. Nani amehakikisha kozi zote ni krediti 10? Kuna vyuo vinavyoipa Hesabu 12 na Stadi za Mawasiliano 8. Jumla inabaki 120. Tuseme ile A yake ndiyo Stadi: 8 × 5 = 40, kozi 10 za katikati 300, Hesabu ikiwa D 12 × 1 = 12. Jumla 352 gawa kwa 120 = 2.933. Inasomeka 2.9, D ikiwa na pointi yake 1 kama kawaida. Hesabu ikiwa C, 364 gawa kwa 120 = 3.033. Kwa hiyo anayesema «D ni sifuri» wala haihitaji hiyo sifuri yake.

#31 Mwana Ngamiani
Wakuu nimempigia kijana. Krediti 10 zote aliziona kwenye kitabu cha mwaka aliodahiliwa. Kwenye printi hajaangalia. Pembeni ya C hakuna neno, ila anasema printa ya steshenari ilikuwa inaisha wino.

#32 Debe la Makorora
Herufi ndogo za kijivu na wino umeisha. Karani Mstaafu, kesi yako imekufa.

#33 Jirani wa Kange
Wakati mnabishana, dirisha linafungwa. Afanye haya kesho asubuhi. Asiiache Mbinu za Kiidadi hivi hivi. Aombe fomu ya kuongeza kozi na kuondoa sharti, mratibu wa programu asaini, aipeleke kwa msajili pamoja na printi. Ikiwa C imeshaidhinishwa, mratibu anaweza kuifungua siku hiyo hiyo. Ikikataliwa, asajili kozi nyingine 5 ili awe ndani ya orodha, asikose muhula wote kwa ajili ya moja. Na ajue Mbinu za Kiidadi ikisubiri muhula wa 6, itakutana na utafiti wa mwisho na huenda ratiba ikagongana.

Suala la kugongana: kozi ya kari ikipishana na ya mwaka wako, ripoti wakati ratiba ya mitihani bado ni rasimu. Ikishatoka rasmi, wanakwambia chagua mmoja.

#34 Mlinzi wa Kanuni
Ushauri mzuri. Ninaongeza kuwa programu ya miaka 3 vyuo vingi vinaifunga kwa miaka 5 ya usajili. Kari zinazosogezwa mbele mbele ndizo zinazomkuta mtu mwaka wa 5 na kozi 2 mkononi.

#35 Mwana Ngamiani
Amepiga picha chini ya printi. Kuna mistari miwili: krediti zilizojaribiwa 130, krediti zilizofaulu 120.

#36 Bi Kikokotoo
130! Kozi 13! D na C zote zimo. 380 gawa kwa 130 = 2.923. Kwaheri.

#37 Karani Mstaafu
Usikimbie dada. Zilizojaribiwa huorodheshwa zote, hata zilizofutwa kwenye GPA. Huo ni mstari wa historia, hauoneshi kilichogawanywa. Inawezekana kabisa wamegawa 350 kwa 120.

#38 Fundi Mitaala
Na 130 inathibitisha vilevile kwamba kuna namba mbili za kozi. Mimi sijatoka.

#39 Nyuki wa Duga
Mwambie aombe GPA kwa desimali mbili.

#40 Bi Kikokotoo
Mbili huenda zisitoshe, wakikadiria. 2.916 ya Mlinzi ukiikadiria ni 2.92. 2.923 yangu nayo ni 2.92. Aombe tatu: ikiwa 2.916 (au 2.917 wakikadiria) D ni sifuri, ikiwa 2.923 zote mbili zimo, ikiwa 2.933 kozi hazina krediti sawa.

#41 Mwana Ngamiani
Ameenda ofisi ya mitihani, kakuta leo Ijumaa wamefunga mapema. Anarudi Jumatatu, na fomu ya mratibu mkononi.

#42 Debe la Makorora
Aende na wino wake.